Staa, chupa ya haidrojeni na macho ya dogo wa Chato

Kuna chupa inazunguka mitandaoni, mdau, na kama hujakutana nayo basi bando lako linaisha mapema. Unabonyeza kitufe, taa ya bluu inawaka, vipovu vinapanda, unaambiwa hayo sasa ni maji ya haidrojeni. Anayeishika kwenye video ni staa mmoja wa kike, jina kapuni, na hata nikilitaja hutashangaa. Alianza na ngozi: maji yanang'arisha. Wiki iliyofuata yakawa yanaondoa kitambi. Baadaye uchovu. Mimi nilikuwa nacheka napita zangu, maana ngozi ni yako, kitambi ni chako na hela ni yako. Nimeacha kucheka alipofika kwenye macho.

Video ya macho alikaa na kaka mmoja mwenye koti jeupe. Jina hatukupewa, hospitali anayofanyia kazi hatukuambiwa. Wakasema haya maji yanasaidia macho yanayofifia, hata yale ya kurithi, yale ambayo daktari amekuambia hayana dawa. Chini ya video watu wakaanza kumwaga namba za simu. Mmoja aliandika kutoka Chato, na huyo namjua, ni mtu wa nyumbani kabisa.

Chato wengi mnaijua kwa uwanja wa ndege na kwa hayati Rais Magufuli. Sisi wa kule tunaijua kwa ziwa. Huyu dogo ni mvuvi wa dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku, siku ambazo mwezi haupo. Mnaingia ziwani na taa, dagaa wanaifuata taa, mnazungusha nyavu. Mbalamwezi ikitoka, watu wanalala nyumbani. Yaani kazi yote ipo gizani. Sasa miaka kama miwili iliyopita dogo akaanza kukanyaga kamba, kugonga wenzake, kutoona mtu aliyekaa pembeni yake kabisa. Mwanzoni walisema anakunywa. Baadaye wakasema ana mkosi. Mwisho wakamshusha mtumbwini, na leo yupo mwaloni anaanika dagaa mchana na akina mama. Alipopimwa macho akaambiwa ni ugonjwa wa retina, wa kurithi.

Habari ya kurithi kwao si ngeni. Mjomba wake, kaka wa mama, alipoteza macho kabla hajafika 40. Mjomba wa mama naye hivyohivyo. Na unajua ukoo unavyoongea: tatizo lipo kwa mama. Anawamaliza wanaume. Mimi nasoma hizo voisi noti naogopa, kwa sababu hii ni kanda ya ziwa jamani. Kanda hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Kanda hii watu wenye ualbino, nao wamezaliwa na hali ya kurithi, wamekatwa viungo. Januari 2015 serikali ilifikia hatua ya kupiga marufuku wapiga ramli. Kwetu ugonjwa usio na maelezo hutafutiwa mtu wa kuubeba.

Kwa hiyo naanza na maelezo, hiyo chupa itasubiri.

Nyuma ya jicho kuna utando unaitwa retina, ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Una seli za aina mbili. Moja ni za kuonea gizani na pembeni, nyingine ni za mchana, rangi na kusoma. Kwenye ugonjwa unaoitwa retinitisi pigmentosa, ambao humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani, kuna hitilafu kwenye jeni, ile maelekezo ya mwili tunayopewa na wazazi. Seli za gizani zinakufa kwanza. Ndiyo maana dogo alianza kupotea ziwani usiku huku mchana anatuma meseji kama kawaida. Uwanja wa kuona unajibana polepole mpaka mtu anaona kama anachungulia kwenye bomba. Seli za mchana hufuata, mara nyingi baada ya miaka mingi, na wengine hubaki na uoni kidogo wa katikati mpaka uzeeni.

Ugonjwa huu una njia kadhaa za kurithiwa. Kuna unaotoka kwa mzazi mmoja, kuna unaohitaji jeni mbovu kutoka kwa wote wawili. Na kuna ule unaokaa kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja ikiwa mbovu nyingine inamkinga, hivyo anaweza asijue kabisa kama anaubeba. Mwanaume ana X moja tu, na kaipata kwa mama. Akipewa mbovu, hana ya akiba. Kwa hiyo ukiona mjomba, kisha mjomba wa mama, kisha mtoto wa kiume, unafanana sana na huo. Mama hajaroga mtu. Hakuchagua. Naye kaupokea kwa mama yake. Hiyo aya naomba mui-screenshot mpeleke kwenye magrupu ya ukoo, hata kama mtaishia hapa kusoma.

Sasa maji.

Sitawadanganya kwamba hii habari imetungwa na matapeli watupu. Haijatungwa. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walichapisha kwenye jarida la Nature Medicine kwamba gesi ya haidrojeni inaweza kupunguza makali ya kemikali fulani zinazounguza seli, na walionyesha hilo kwa panya. Mwaka 2022, kwenye jarida la Scientific Reports, Wajapani tena walichapisha kuhusu panya waliozaliwa na ugonjwa wa retina wa kurithi. Waliopewa maji yenye haidrojeni, seli zao za kuona zilikaa vizuri kuliko za wenzao. Kwa hiyo yule kaka wa koti jeupe akisema kuna utafiti, hajadanganya. Kasahau tu kusema neno panya.

Hata wazo lenyewe lina mantiki. Zile seli za gizani ndizo walaji wakubwa wa oksijeni kwenye jicho. Zikifa, oksijeni inaendelea kuletwa vilevile lakini haina mlaji. Waliowahi kushuka duara kule Geita wanajua pampu ikizimika nini kinatokea: maji yanajaa na waliobaki chini wapo hatarini. Oksijeni iliyozidi inaanza kuunguza zile seli za mchana zilizobaki. Ukipata kitu cha kuzuia huo moto, huenda ukachelewesha upofu. Wanasayansi wanalichukulia wazo hili kwa uzito, kiasi kwamba lipo jaribio kubwa linaloitwa NAC Attack, la dawa nyingine ya kundi hilohilo la kuzuia kuungua. Limeandikisha mamia ya wagonjwa wa nchi tofauti. Theluthi mbili wanapewa dawa, theluthi moja wanapewa kidonge kisicho na dawa, hakuna anayejua kapewa nini, na wanafuatiliwa karibu miaka 4. Miaka 4, mdau! Kwa sababu ugonjwa unaenda taratibu mno hivi kwamba ukimpa mtu maji miezi 3 na hajapofuka, hujathibitisha kitu. Hata bila maji asingepofuka ndani ya hiyo miezi 3.

Na hapo ndipo biashara ya huyu staa inapokaa vizuri. Ugonjwa wa polepole ni soko zuri sana. Mteja akibaki vilevile, chupa imefanya kazi. Akishuka kidogo, alichelewa kuanza. Akishuka sana, alikuwa hanywi kwa wakati.

Tuseme basi unataka kumfuata yule panya. Panya wa maabara kwa kawaida hunywa kwa siku maji yanayokaribia asilimia 15 ya uzito wake. Wewe mwenye kilo 60 hiyo ni lita 9. Usijaribu, maji mengi hivyo yanaweza kukuua. Halafu haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na lita nzima ya maji ya kawaida, bila mgandamizo, inabeba kama miligramu 1.6 tu. Ukifungua kifuniko inaanza kuondoka. Ukipiga picha ya kwanza, ukarudia kwa sababu nywele hazijakaa, ukaandika maelezo, ukaposti, unachokunywa mwishoni kinazidi kuwa maji ya kawaida. Na maji yakiwa na chumvichumvi, kama ya visima vyetu vingi, umeme ukipita ndani yake unaweza kutoa klorini badala ya kuishia na haidrojeni peke yake.

Kuna jambo jingine watu wa chupa hawalisemi. Tumbo lako tayari ni kiwanda cha haidrojeni. Bakteria wa utumbo wakikutana na maharage au viazi vitamu wanatengeneza gesi hiyo bure, na hospitali za wenzetu hupima haidrojeni kwenye pumzi ili kujua utumbo unameng'enyaje chakula. Sahani ya michembe na maharage pale Chato inakupa haidrojeni yako ya kutosha, ingawa ikitoka haina taa ya bluu. Sisemi michembe inatibu retina. Nasema tu kama hoja ni haidrojeni, Wasukuma wangekuwa na macho ya tai.

Najua mtakachoniambia: sasa ndugu yangu, maji hayana madhara, acha watu wajaribu, wewe unaumia nini? Hii hoja naiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wasio na chaguo. Mtu anayezimika macho hawezi kukaa tu. Lakini dogo wa Chato hajaambiwa ajaribu maji. Kaambiwa anunue mashine, na vichujio vyake kila mwezi, na kifurushi cha miezi 6. Nyumbani kwao kuna ng'ombe wanne. Wawili wameshatajwa mnadani. Na inboksi kaandikiwa, nimeiona kwa macho yangu mawili mazima: Kaka usikate tamaa, na kwa sasa usichanganye na mambo ya hospitali ili maji yafanye kazi.

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya niandike. Maji hayana sumu, sumu ipo kwenye hiyo sentensi.

Maana hospitali ina mambo ya kufanya hapa, hata kama haina dawa ya kuponya. Kwanza, kutoona usiku siyo lazima iwe kurithi. Ukosefu wa vitamini A unaleta hilohilo, na unatibika haraka kwa bei ya kitoweo. Ndiyo maana watoto wetu hupewa matone ya vitamini A kwenye kampeni za afya. Hebu fikiria mtu mwenye ukosefu wa vitamini anakaa miezi 6 anakunywa vipovu. Pili, wenye retinitisi pigmentosa hupata mtoto wa jicho mapema kuliko wengine, na wengine huvimba katikati ya retina. Vyote viwili vina matibabu. Mtu anaweza kuwa anaona giza nyingi kwa sababu ya mtoto wa jicho unaoondolewa kwa upasuaji wa kawaida kabisa, huku yeye anaamini ni ule ugonjwa wa ukoo umefika mwisho.

Na ndiyo, ipo tiba ya jeni. Desemba 2017 Marekani iliidhinisha dawa inaitwa Luxturna, inadungwa ndani ya jicho na inapeleka jeni nzima palipo na mbovu. Ilitangazwa kwa dola 850,000 macho yote mawili, hela inayopita shilingi bilioni 2. Tena inafanya kazi kwa jeni moja tu, RPE65, wakati jeni zinazohusishwa na magonjwa ya retina ya kurithi zimepita 250. Naitaja ili ujue ushahidi wa kweli unafananaje: una jina la jeni, una wagonjwa waliohesabiwa, una watu waliopimwa kutembea kwenye mwanga hafifu kabla na baada. Hauna koti jeupe lisilo na jina.

Sisi Watanzania, tena, hatuna sababu ya kushangaa. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Foleni za magari zilikwenda kilometa na kilometa, vigogo na walalahoi foleni moja, wapo wagonjwa walioacha dawa za virusi vya Ukimwi wakidhani wamepona, wapo waliofia njiani. Mei 3, 2020, palepale Chato, Rais Magufuli alizungumzia sampuli za papai na mbuzi zilizotoka na majibu ya korona, akasema atatuma ndege Madagaska kufuata dawa ya mitishamba. Ndege ikaenda, dawa ikaja. Miezi miwili tu baadaye hospitali za Antananarivo, ilikotengenezwa dawa yenyewe, zilikuwa zimefurika wagonjwa wa korona. Simcheki aliyekwenda Loliondo. Kwetu hospitali ziko mbali, daktari wa macho ana dakika tano na wewe, na neno halina dawa linasemwa kama mtu anafunga dirisha la tiketi. Staa anakuita mpenzi, anakutumia emoji ya moyo, anajibu saa nne usiku. Bila shaka utamsikiliza staa.

Ila Babu wa Loliondo alikuwa anachukua 500. Mia tano, kwa waziri na kwa mchunga mbuzi. Nyie mnachukua ng'ombe.

Halafu mna ujanja mmoja. Kwenye boksi mmeandika kwa herufi za sisimizi kwamba bidhaa hii si dawa. Kwenye video mnasema inarudisha macho. Mdomo mmoja ni wa kuonyeshwa TBS, mwingine wa kuuzia. Kama ni maji, uzeni maji na mnyamaze kuhusu retina. Kama ni tiba, nendeni TMDA na majina yenu kamili, na mkaweke mezani jaribio la binadamu, siyo la panya, siyo ushuhuda wa shangazi wa mtu. Na yule staa wa kiume, jina kapuni pia, ambaye juzi karudia posti ileile neno kwa neno mpaka makosa ya tahajia, kaka, wewe hata hujaisoma. Umelipwa, ukabandika. Mashabiki wako wanaijua sauti yako, wanajua lini unaongea wewe na lini linaongea bango.

Dogo alinitumia voisi noti juzi, ananiuliza, bro, ninunue au niache? Nimemjibu kirefu, na jibu lenyewe ni hili. Ng'ombe wawili hao wasitoke. Hata mmoja akitoka, awe nauli. Chato sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, aanzie hapo, na akipewa rufaa aende Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hakuna tena kulala kwenye foleni ya kivuko. KCMC Moshi na CCBRT Dar nako kuna mabingwa wa macho. Aulize mambo matatu: nina mtoto wa jicho? Katikati ya retina pamevimba? Vitamini yangu ikoje? Akiwa anavuta sigara aache. Avae kofia na miwani ya jua pale mwaloni, ziwa linarudisha mwanga mkali sana mchana. Simu yake ni Android, ndani yake kuna TalkBack, inasoma kila kitu kwa sauti na haiuzwi. Ajifunze sasa wakati bado anaona vitufe, siyo siku hiyo ikifika. Chama cha Wasioona kipo, wanaojua kutembea na fimbo nyeupe wapo humo, na wengi wana kazi na familia. Na kuanika dagaa siyo adhabu. Anayeanika ndiye anayekutana na wanunuzi wa Katoro na Mwanza, hiyo ni biashara, aanze kuijua bei.

Akaniuliza kama aende peke yake. Nikamwambia hapana, aende na mama. Daktari atataka kuulizia habari za wajomba, na mama naye inabidi asikie kwa masikio yake, mbele ya mtu mwenye koti jeupe na jina kifuani, kwamba hakumfanyia mtoto wake kitu chochote.